Kalsiyumu haiko ya mifupa tu

Watu wengi wameniomba niandike yale niliyosema juu ya kalsiyumu na misuli, siku ya Mungu pale Kadutu, Bukavu, juu mvua ilianza kunyesha katikati na mabati ya sale ikapiga kelele hadi wale wa nyuma wakabaki wananiangalia midomo tu. Basi naandika vile nilisema, ao karibu vile, na pale nilipokuwa nimeruka nitaongeza.

Jambo bamama, jambo bapapa, na nyinyi vijana mnaosomea infirmiye ambao mmekaa nyuma kabisa kama vile nitawapa interogasio. Karibuni bote.

Nianze na mama moja, umri wa bibi yangu hivi, alikuja pale ninafanyaka kazi kupimisha tansio, ule msukumo wa damu. Nikapima, 19 kwa 11. Mwezi wa nyuma ilikuwa 13 kwa 8. Nikamuuliza, mama, tembe unakunywa? Akanyamaza. Alafu akafungua fundo ya kikwembe, akatoa ile karatasi inakaaka mu boite ya dawa, imekunjwa-kunjwa hata imeanza kupasuka, akaweka kidole pale wameandika «inhibiteur calcique». Mjukuu wake alimsomea, akamtafsiria: dawa ya kukataza kalsiyumu. «Sasa mwanangu, miye niko muzee, magoti inalia kila asubui, alafu nikunywe dawa ya kukataza kalsiyumu? Munataka nivunjike?»

Nilitaka kucheka, sikucheka. Juu ukiangalia vizuri, ule mama alifikiri vizuri kuliko sisi tunaogawa tembe bila kueleza. Karatasi inasema kweli, ile dawa inazuia kalsiyumu. Swali ni inaizuia wapi, na hapo njo kuna kazi, juu kujibu ile swali inaomba tuingie ndani ya misuli ambayo wengi wenu hamjui hata kama mko nayo.

Mwili wa mtu mzima unabeba kalsiyumu karibu kilo moja. Mu hiyo kilo, 99 kwa mia iko mu mifupa na meno, imekaa pale kama matofali mu ukuta. Kale kanabakia, kidogo sana, kanazunguka mu damu na kuingia na kutoka mu seli, na kazi yake ni kubeba habari. Seli ya misuli ikitaka kujua kama saa ya kukaza imefika, inaangalia kalsiyumu. Hakuna kalsiyumu ndani, hakuna kukaza.

Mtu aliyetuonyesha hii njia aliipata kwa makosa. Ni daktari wa London, Sydney Ringer, alikuwa anatoa moyo wa chura na kuuweka mu maji ya chumvi ili aone utapiga mpaka lini. Mwaka wa 1882 akaandika kwamba moyo unapiga vizuri mu maji ya chumvi. Kumbe msaidizi wake alitengeneza yale maji na maji ya robine, hakuchukua maji safi ya maabara yaliyochujwa kwa mvuke. Walipotumia yale safi, moyo ukalegea ukasimama. Ringer akatafuta mu maji ya robine ya London kuna nini, akakuta ni kalsiyumu, na mwaka wa 1883 akaandika upya akieleza kosa lote mbele ya kila mtu. Mi napenda ile sehemu ya mwisho kuliko hata kalsiyumu yenyewe, juu nimefanya kazi mu maabara na najua vile sisi tunafichaka mambo ya hivyo.

Moyo wa chura hauko misuli laini, najua, kijana moja pale nyuma aliinua mkono kunikosoa na alikuwa na haki. Lakini mlango ulifunguliwa pale.

Misuli laini sasa. Inaitwa laini juu ukiiangalia mu mikroskopi haina ile mistari-mistari ya misuli ya mkono ao ya moyo. Iko mu ukuta wa mishipa ya damu, mu matumbo, mu kibofu, mu kizazi cha mama, mu mirija ya mapafu, mu mboni ya jicho. Asubui ya baridi manyoya ya mkono inasimama, ile pia ni yenyewe. Hauiombi kitu na haikuombi ruhusa. Wewe unasikiliza misa, yenyewe iko inasukuma ugali wa jana.

Seli yake moja umbo ni kama sambaza, kale kasamaki kadogo ka ziwa, nene katikati, imechongoka huku na huku. Nje ya ile seli kalsiyumu iko mingi, na ndani, wakati seli imepumzika, iko chini mara 10,000 hivi. Fikirini soko yetu ya Kadutu siku ya Posho, watu 10,000 wanasukumana nje ya duka moja na ndani mko na mtu mmoja tu. Sasa yule mwenye duka afungue mlango hata nukta moja! Hahitaji kuita mtu, watu wataingia wenyewe. Kalsiyumu inaingia vile, kwa ile msukumo, na seli inalipa kwa jasho kuitoa tena, tutaona.

Milango iko aina mbili, nizungumze zile tu za maana. Ya kwanza iko mu ngozi ya seli na inafunguliwa na umeme, ndiyo, seli iko na umeme wake kidogo, na ule umeme ukibadilika mlango unafunguka kalsiyumu inaingia kutoka nje. Ya pili iko ndani, juu seli inawekaka akiba yake mu depo ya ndani, vijana mnaijua kama retikulamu. Homoni inapiga hodi nje, kule ndani kunatoka mjumbe mmoja anaitwa IP3, anakimbia hadi kwenye depo anafungua. Kwa hiyo misuli laini inaweza kukaza kwa umeme ao kwa homoni ao kwa vyote mbili pamoja, na hii ni tofauti kubwa na mkono wako, ambao unangoja mshipa wa fahamu tu.

Kalsiyumu ikishaingia haiendi kugusa ile mashine ya kukaza moja kwa moja, na hapa njo pananifurahishaka. Inatafuta protini moja ndogo inaitwa kalmodulini, iko na nafasi 4, kalsiyumu inakaa moja moja mpaka 4. Kalmodulini ikishajaa inabadilika umbo na inaenda kushika nyingine ambayo bila yenyewe ilikuwa imelala, ile jina yake ni refu, kinasi ya mnyororo mwepesi wa miosini, vijana muandike, bamama musijisumbue. Kinasi inaamka, inachukua fosfati moja kutoka mu ATP, ile mafuta ya seli, na kuipachika kwenye miosini, ule uzi unaovuta. Miosini ikishavaa ile fosfati, inapata ruhusa ya kushika uzi mwenzake, aktini, na kuvuta, inaachia, inashika tena mbele kidogo, inavuta, kama watu wanaovuta mtumbwi na kamba kutoka ziwani. Sambaza yetu inakuwa fupi na nene. Nyingi zikifanya vile pamoja, mshipa unabana.

Mu misuli ya mkono njia ni nyingine. Kule kalsiyumu inakaa kwenye troponini, upande wa aktini, kitu ambacho Setsuro Ebashi wa Japani alikionyesha mu miaka ya 1960, na ikikaa tu njia iko wazi. Misuli laini haina troponini. Inapita ile njia ndefu ya kalmodulini na kinasi, njo maana inakaza polepole, haiwezi kukimbia na mkono. Lakini nani anahitaji utumbo wenye haraka?

Kulegea sasa. Watu wanafikiri kulegea ni kuacha kazi tu, hapana, kulegea pia ni kazi. Pompa zinachukua kalsiyumu na kuirudisha mu depo, zingine zinaitupa nje, na zinakula ATP. Alafu kuna fosfatasi, ambayo inavua ile fosfati kinasi iliyovalisha. Kwa hiyo kila saa kuna mmoja anavalisha na mwingine anavua, na namna misuli imekaza inategemea nani anashinda. Kuna mpaka njia moja, ya Rho, inayofunga mikono ya fosfatasi, hapo misuli inabaki imekaza hata kalsiyumu haijaongezeka. Ndiyo, kalsiyumu ni mkubwa wa nyumba lakini haamui kila kitu peke yake, na mwanafunzi anayesema «kalsiyumu tu» nitamtoa pointi.

Kitu ingine. Inua mkono hivi, ubaki umeinua. Dakika tano utatetemeka. Na mishipa yako ya damu imebana kiasi fulani tangu umezaliwa, mchana na usiku, miaka 80, haitetemeki. Inafanyaje? Mmeshaona lori linapanda hapa kwetu, likikwama kwenye mlima, dereva anaweza kulishikilia na gazi, mafuta inaisha, mashine inachemka. Ao konvoyeri anaruka chini na kuweka jiwe nyuma ya tairi. Lori linasimama palepale, mafuta haipotei. Misuli laini inajua ile mambo ya jiwe. Miosini ikivuliwa fosfati wakati bado imeshika aktini, inaachia polepole sana, inabaki imeshika, na ATP kidogo tu inatosha. Kalsiyumu inaweza kuwa imeshashuka na ukuta bado umebana.

Nilionaga hii kwa macho yangu nikiwa mwanafunzi. Mwalimu alikata kipande cha utumbo wa sungura, kama kidole kimoja, akakitundika mu chombo cha maji ya chumvi yenye kalsiyumu na sukari, nyuzi 37, hewa inapita inatoa povu ndogo-ndogo. Ule utumbo hauna sungura tena, hauna ubongo, na unacheza! Unajikunja, unalegea, unajikunja, na kale kasindano kanachora milima kwenye karatasi. Kisha umeme ukakatika. Maji yakaanza kupoa, milima ikawa mirefu kwa upana na mifupi kwa kimo, mwalimu akatuma mmoja wetu kwa mama anayeuza mahindi pale nje aazime mbabula yake, tukapashia maji juu ya makala na kubadilisha polepole. Utumbo ukarudi. Hapo njo mwalimu akamwaga yale maji na kuweka mengine yasiyo na kalsiyumu. Milima ikashuka, ikashuka, ikawa mstari. Tukanyamaza wote. Akarudisha maji ya kwanza, tukangoja, na kale kasindano kakainuka tena. Mahindi ya ule mama ilichelewa siku ile, tulimlipa.

Haya, turudi kwa mama na karatasi yake. Ile tembe, amlodipine ao nifedipine ao zingine za jamaa yao, zinaenda kukaa kwenye ile milango ya umeme mu ukuta wa mishipa. Hazifungi yote, zinapunguza. Kalsiyumu kidogo inaingia, kalmodulini haijai sana, kinasi haiamki sana, mshipa unapanuka kidogo. Na kidogo kwenye mshipa ni kingi: mshipa ukibana mpaka upana wake uwe nusu, damu inakuta kizuizi mara 16, haiko mara 2. Ukiupanua kidogo, kizuizi kinashuka kwa hesabu ileile, na tansio nayo inashuka.

Na mifupa? Tembe haiendi kuchukua kalsiyumu mu mifupa, wala haitoi ile ya mu damu. Kalsiyumu ya mu damu inalindwa na tezi ndogo 4 ziko hapa shingoni, zinaipima mchana na usiku. Tembe imesimama mlangoni kwa seli ya mshipa, basi. Ukuta wa nyumba yako haubomoki juu askari amesimama kwenye mlango wa duka la jirani.

Papa mmoja aliuliza swali ambalo lilinifanya niweke chini karatasi zangu. Alisema, kama inafunga milango ya kalsiyumu na misuli yote inahitaji kalsiyumu, mbona mimi nakunywa na bado nabeba sako ya saruji? Papa, jibu ni hili. Misuli ya mkono inatumia kalsiyumu ya depo yake ya ndani. Umeme ukifika, mlango wa nje unavuta mlango wa depo kama vile mmefunga kamba, depo inafunguka bila kungoja kalsiyumu yoyote kutoka nje. Misuli ya mshipa inategemea sana ile ya nje. Kwa hiyo tembe inagusa mshipa, mkono unaendelea na saruji. Moyo uko katikati, nao unahitaji ya nje, njo maana kuna moja ya jamaa hii, verapamil, inapunguza pia mwendo wa moyo, na huyo huyo anafungaka watu choo, juu matumbo pia ni misuli laini na yenyewe ina milango.

Neno moja la hasira. Kuna watu bado wanatoboa kapsili ya nifedipine na kumwaga chini ya ulimi wa mtu tansio ikipanda, ili ishuke haraka. Muache. Inashuka haraka kweli, na ubongo na moyo vilivyokuwa vimezoea msukumo mkubwa vinabaki bila damu ya kutosha. Mtu anaweza kupata kiharusi pale pale mbele yenu mkimwambia anapona.

Kizazi sasa, na hapa bamama mlinisikiliza kuliko wote. Mama akishazaa na kondo likatoka, pale lilipokuwa mishipa inabaki wazi, na mwisho wa mimba damu inayopita kwenye kizazi ni zaidi ya nusu lita kila dakika. Nani anafunga? Nyuzi za misuli laini zimepishana kama kikapu, mishipa inapita katikati, misuli ikikaza kila mshipa unafungwa kama na kamba. Oksitosini, homoni ya kukaza kizazi, inapiga hodi, IP3 inafungua depo, milango ya nje nayo, kalsiyumu inaingia, kizazi kinakuwa kigumu kama mpira. Ukikikuta laini kama unga uliokandwa, kimbia. Njo maana tunamdunga mama oksitosini yuniti 10 mara tu mtoto akitoka, na njo maana ile ampuli inatakiwa ikae mu friji, nyuzi 2 mpaka 8, na mtu wa zamu umeme ukikatika lazima ajue friji imezimika tangu saa ngapi. Ampuli iliyopata joto haibadiliki rangi. Utadunga na utangoja.

Na zamani? Mu miaka ya 1960 kulikuwa daktari wa Norway, Lorents Gran, alikuwa hapa Congo na Msalaba Mwekundu, akaona wamama wanakunywa maji ya majani ya mmea wanauita kalata-kalata ili kuzaa kuende haraka. Jina la kisayansi ni Oldenlandia affinis. Alibeba ule mmea, akautafuta ndani, na kukapatikana protini ndogo iliyofungwa kama pete, haina mwanzo wala mwisho, ndiyo maana unaichemsha na haiharibiki. Wakaiita kalata B1. Neno letu, limekaa mu vitabu vya kemia vya dunia nzima. Mwaka wa 2013 watafiti walionyesha kwamba ndugu yake, kalata B7, anapiga hodi kwenye mlango uleule wa oksitosini.

Mama mmoja akasema, kumbe bibi zetu walijua. Walijua, ndiyo, lakini bakuli halina vipimo. Kizazi kikikaza bila kupumzika, damu haipiti kwenda kwa mtoto, na kinaweza hata kupasuka. Sasa msiende kuchuma.

Kijana mmoja wa infirmiye aliuliza juu ya manyeziyumu, ile tunampa mama mwenye tansio ya mimba akianza kushikwa na degedege. Manyeziyumu inagombana na kalsiyumu kwenye milango. Ikizidi, mama anapoteza refleksi ya goti, kisha pumzi inapungua, na dawa ya kuikata ni nini? Glukonati ya kalsiyumu, mu mshipa. Ikae tayari karibu na kitanda kabla hamjaanza, isiwe mu kabati ambalo ufunguo uko na mtu aliyeenda kula.

Yule mama wa karatasi alikuwepo siku ile, safu ya mbele. Aliniuliza mbona tangu arudie tembe miguu inavimba jioni. Ni kwamba ile dawa inapanua mishipa midogo inayoleta damu kuliko ile inayoirudisha, maji yanavuja kidogo chini. Nikamwambia asiiache peke yake tena, aje tuone kipimo, kuna njia. Akauliza na maziwa, kama yanapandisha tansio juu yana kalsiyumu. Hapana mama, zile tezi za shingoni zinapanga. Kunywa, na ukikosa maziwa kula sambaza, nzima, kalsiyumu yake iko mu mifupa.

Akasema sawa, lakini yeye kichwa anakitoaka.

Na kichwa, mama.